Siku Tuliyokwenda Kuposa Kazi Mbarara

Nasikia ziko nchi ambako mtu akipoteza kazi serikali humlipa mpaka apate nyingine. Sisi wakimbizi wa kambi ya Nakivale, hapa Uganda, tulipewa benchi. Lilikuwa kwenye ofisi moja ya misaada, na kila Alhamisi sisi tuliokosa kazi tulikaa juu yake tukifundishwa namna ya kuitafuta. Sisemi kwa ubaya. Benchi lile nililipenda, maana nyumbani mke wangu alikuwa amechoka kuniona nikikosoa mishono ya nguo za wageni.

Mimi ni fundi cherehani. Kule Kivu Kusini, Kongo, nilishona suti za maharusi, lakini nilivuka mpaka bila hata sindano, na kwa miaka mitatu nililima mahindi katika kishamba chetu, vibaya mno, mpaka majirani wakawa wanapita makusudi waje kucheka. Kicheko chao hakikunisumbua. Nilichoogopa ni mikono yangu kusahau kazi.

Mwalimu wetu pale ofisini alikuwa binti Mnyankole, mpole, mwenye Kiswahili cha kujitengenezea. Alitufundisha kuandika karatasi ya ujuzi wetu, kisha akatuita mmoja mmoja tujisifu mbele yake, kana kwamba yeye ndiye tajiri mwenye kazi. Hapo ndipo tulipokwama wote. Kwetu mtu hajisifu mwenyewe. Akijisifu, watu hutazamana. Aliponiuliza kama najua kushona, nikajibu, "Najua kidogo tu, mama."

"Hapana, sebo," akasema, yaani bwana kwa lugha yao. "Wewe nasema kidogo, bosi nasikia hapana."

Nilijaribu mara nne, na mara zote nne nikajikuta nimerudi palepale. Binti wa watu akaweka kalamu chini akacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilijua hili ni tatizo.

Siku si nyingi baadaye ofisi ikapata habari kwamba tajiri mmoja wa Mbarara, Mwislamu mwenye duka la kushona kanzu na sare za shule, anatafuta fundi. Wakapeleka jina langu. Nikishindwa, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na fundi wa kushona kule kambini hakukosekana. Kwenye karatasi palikuwa na sehemu ya kumtaja mtu anayeijua kazi yangu. Binti alitaka jina na namba ya simu, basi. Lakini kwetu anayekusemea huja kwa miguu yake. Kwa hiyo nikaenda kwa jirani yangu.

Jirani huyu alikuwa mwalimu wa primeri kule kwetu, na hapa Nakivale ndiye aliyekuwa msemaji wa posa zote za kanisa letu. Kijana akitaka kuoa, yeye ndiye husimama mbele ya wakwe akamsifu, kijana mwenyewe ameinamisha kichwa. Sikumbuki posa iliyomshinda. Akavaa koti lake, tukapanda gari pale Rwekubo, na njia nzima akawa ananionya. "Weye utanyamaza. Maneno ni yangu."

Tukaingia dukani. Tajiri alikuwa mtu mnene mwenye ndevu nyeupe na futi ya kitambaa shingoni. Mwalimu akavua kofia.

"Baba, tunakuya hapa na heshima. Huyu kijana munaona, batu bote ba kwetu banamujua. Ukivaa kostime yake, hata mutu mubaya anakuwa muzuri. Hanywi pombe. Bibi yake hajalia hata siku moya juu yake."

Hilo la mwisho halikuwa kweli kabisa, nikakohoa. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama yeye, akanitazama mimi niliyeinama.

"Kwani nyinyi nakuja kuoa mtoto yangu?"

Mafundi wake walicheka mpaka vyerehani vikasimama. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini tajiri naye alikuwa anacheka, akanionyesha cherehani iliyokuwa wazi, akaniwekea vipande vya shati la shule. "Mdomo nimesikia," akasema. "Sasa nataka kuona mkono."

Alitaka kola, sehemu inayowaumbua mafundi. Nikavuta kiti, mguu ukagusa kanyagio. Baada ya hapo sikuona mtu tena. Nilifurahi, sifichi, nilifurahi nusura nilie. Tajiri akaichukua ile kola, akazipima ncha zake mbili kwa ukucha, akaigeuza ndani nje. "Jumatatu," akasema.

Tulipokuwa tunaagana akamgeukia mwalimu. "Na wewe, mzee, kazi yako gani?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Miye? Niko bure tu, baba."

Shule za Uganda zinataka Kiingereza, na yeye alikuwa na Kifaransa chake. Alikuwa amekaa bila kazi miaka mingi kuliko mimi. Alikuwa amewasemea vijana wote wa kanisani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kumpeleka yeye mahali popote, mimi jirani yake wa ukuta kwa ukuta nikiwemo. Aibu ilinishika. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Baba, huyu ni mwalimu. Watoto bakifanya fujo anabaangalia tu, banasimama. Mwandiko yake inasomeka kutoka mbali. Kwetu batu bazima banamusalimia na kofia mukononi, sababu ndiye alibafundisha kusoma."

Nilisema mpaka koo likakauka. Tajiri akajikuna ndevu. Shule zikikaribia kufunguliwa, alisema, watoto huja kupimwa sare wakamgeuzia duka uwanja wa mpira, na vipimo wanavyoandika mafundi wake havisomeki hata na wao wenyewe. "Mzee na yeye akuje Jumatatu."

Huko nje nilingoja anitanie kwa hotuba yangu. Mwalimu alisimama kando ya barabara, akafunga vifungo vya koti, akavifungua, akavifunga tena.

"Tangu nitoke kwetu," akasema, "hakuna mutu alishanisemeaka."