Muganga wa Kichwa

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na tangu milio ya risasi ilipozidi kule milimani alikuwa hapati usingizi. Ikafika siku akaanza kufunga mlango wa darasa kwa ufunguo na kuwaamuru wanafunzi walale chini ya madawati, hata mji ulipokuwa kimya. Niliogopa. Mwalimu akishaitwa musazi, yaani mwendawazimu, hakuna shule itakayompa chaki tena, na bila chaki mume wangu si mtu.

Nikaenda Bwiza kuulizia muganga wa kichwa. Kosa lilikuwa langu, maana kwetu kila anayegusa mgonjwa huitwa muganga. Muuza vitenge mmoja alinielekeza vizuri kabisa, nikajikuta mbele ya mzee mwenye wembe na pembe ya ng'ombe, kazi yake kutoa damu mbaya kwenye paji la uso.

"Keti, mama," akasema. "Inauma upande gani?"

Nikatoka mbio. Leo nikisimulia nacheka, lakini siku ile nililia njia nzima hadi nyumbani Nyakabiga.

Jirani yetu muuguzi ndiye aliyenipa neno lenyewe, psikiatre, daktari wa magonjwa ya akili, akaniambia yuko mmoja nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique. Nikatangulia peke yangu. Nikamwomba anionyeshe diploma, bila haya, maana miaka ile koti jeupe lilipatikana kwa urahisi kuliko sukari. Daktari hakukasirika. Aliishusha ukutani, akanionyesha na barua ya wizara yenye muhuri. Nikauliza kama anapokea karata ya mutuelle, bima yetu sisi watumishi wa serikali. Anapokea, akasema, ila fomu lazima itaje ugonjwa, na mkurugenzi wa shule aisaini.

Mume wangu akakwamia hapo. Siku niliyomleta alisimama mlangoni kwa daktari, akakataa kuingia.

"Directeur atasoma," akasema. "Mi si musazi, mama watoto."

"Basi ingia umwambie hivyo mwenyewe," nikamjibu. Nilikuwa nimechoka kubembeleza mtu mzima.

Akaingia. Nilikaa kwenye benchi saa nzima, nikiukodolea macho ule mlango. Alipotoka alikuwa anaisoma fomu kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi. Kwenye mstari wa ugonjwa daktari alikuwa ameandika neno moja tu, insomnie. Kukosa usingizi. Na wala haukuwa uongo.

"Hii muji muzima iko nayo," mume wangu akasema, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati.

Jumatatu akaipeleka shuleni mwenyewe. Aliniambia mkurugenzi aliisoma mara mbili, akasaini, akaenda kufunga mlango wa ofisi. Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini huyo daktari anapatikana wapi.