Kipara cha Gundi

Siku niliyopaka gundi ya viatu kichwani ndiyo siku mtaa mzima ulipoanza kunililia nikiwa hai.

Msicheke kwanza. Au chekeni, ila someni mpaka mwisho.

Mimi ni fundi viatu. Niliugua saratani ya damu, nikatundikiwa dawa mpaka nywele zote zikaniaga. Kipindi kile nilipendwa jamani! Nikikohoa, shangazi kanishika mgongo. Nikisimama, watu wananiachia viti.

Daktari akasema damu imekaa sawa, matibabu yameisha. Shangazi akapiga vigelegele hadi wagonjwa wodini wakaamka. Nywele zikarudi, nyeusi tii, laini kama za mtoto.

Tatizo, mimi sikurudi nazo.

Nilikuwa naamka hoi, kama niliyelima usingizini. Na kichwa sasa! Nanyoosha mkono nichukue nyundo, mkono ukifika sijui umefuata nini.

"Shangazi, nimechoka."

"Na nini? Si umepona?"

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini ni mama yake deko."

Kazini ndiyo usiseme. Nikabandika soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia. Mama Nyundo, mwenye karakana, akakiinua mbele ya wenzangu.

"Binti, mteja wako ana miguu miwili ya kushoto?"

"Samahani mama. Kichwa kina ukungu."

"Ukungu? Kichwa chako ni dirisha?"

Watu mbavu hawana. Kisha sauti yake ikashuka. "Kosa lingine kama hili, benchi yako nampa mtu."

Nikanywea. Benchi ile ndiyo iliyonifanya niitwe fundi, nisiitwe mgonjwa.

Sasa, sisi mafundi hatuachi kopo kubwa la gundi wazi, itakauka. Kila mtu huchota kidogo, akaweka kwenye kikopo chake. Changu kilikuwa kikopo kilichoisha mafuta ya nywele. Jioni ile, kwa ukungu wangu, nikakitia mkobani nikaenda nacho nyumbani.

Asubuhi nikachota nikidhani ni mafuta, nikapaka kichwa kizima. Pua ilishaizoea ile harufu, haikunishtua. Nikashtukia vidole vimegoma kutoka.

Kinyozi alijaribu mafuta ya kupikia, wapi. "Dada, hapa ni wembe tu."

Nikaingia karakana nang'aa. Kisigino, jirani yangu wa benchi, mwanaume mwenye mdomo kama redio, akadondosha nyundo.

"Imerudi," akanong'ona.

"Hapana, ni gundi."

"Sawa, dada. Ni gundi." Ananitazama kama marehemu mtarajiwa.

Mama Nyundo akanifutia kiti kwa upindo wa gauni lake. "Kaa, mwanangu. Uwe unafanya kazi asubuhi tu, mchana ukalale."

"Mama, siumwi. Nilipaka gundi kwa..."

"Anajikaza, maskini. Hataki tuumie."

Nikisema nimechoka, nadeka. Nikisema sifi, najikaza. Jamani, ulimi wangu una kasoro gani?

Ningeweza kunyamaza nikaila ile huruma. Lakini shangazi, aliyefikiwa na redio ya Kisigino, akaingia mbio, machozi yamemlowesha kifua, kiatu mguu mmoja. Nikaona hapana.

"Twendeni kwa daktari, mkamsikie mwenyewe."

Tukaenda watatu, mimi, shangazi na Mama Nyundo. Daktari akapima, akarudi na majibu.

"Damu ni safi. Ugonjwa haujarudi."

Shangazi akashusha pumzi. Halafu akanigeukia kama simba. "Kwa hiyo ulikuwa unatuchezea?"

Daktari akamtuliza kwa mkono. "Binti, unajisikiaje?"

Nikamweleza. Usingizi usioshibisha, soli za kushoto, gundi. Katikati nikasahau nilipofika, akanisubiri.

"Hili huwapata wengi," akasema. "Dawa zimeisha, ila mwili bado unajijenga. Huenda ikachukua miezi, wengine zaidi. Apunguziwe kazi, atembeetembee kidogo, nasi tutaendelea kumwangalia. Wala hadeki."

Mama Nyundo akaguna. "Sasa daktari, huyu ni mzima au mgonjwa? Nijue nimpe kazi au nimpe kiti."

"Mpe vyote viwili."

Na akanipa, nashukuru. Benchi ikabaki yangu, asubuhi tu, mpaka nitakapopata nguvu.

Nikajiona mshindi. Njiani nikamtania shangazi, "Umesikia? Mimi nachoka kwa kibali cha daktari!"

Hakucheka. Alikuwa nyuma yangu, ameshika ukuta wa nyumba ya watu.

"Shangazi, vipi?"

"Na mimi nimechoka, mwanangu. Tangu ulipolazwa sijalala usingizi wa maana."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Nikamtazama. Nywele zake zote zipo, zimesukwa vizuri. Ningejuaje?

Nyumbani tukakuta vyombo vimejaa beseni. Nikasema naosha mimi. Akasema, wewe umechoka. Nikasema, na wewe je? Tukaviacha vyote mpaka asubuhi, na hakuna aliyekufa.

Ndugu yangu unayesoma, ukimuuliza mtu kama amechoka, usimkague kichwani. Subiri ajibu.