Mti wa Mzee Onsongo Chini ya Injini

Kama kuna mtu aliyewahi kumchukia mkaza mwanawe kwa bidii na bila siku ya mapumziko, basi ni mzee Onsongo wa Gesima. Alianza kumchukia Esnah siku ile ile alipoletwa bomani, kwa sababu alikuja na cherehani wakati mzee alikuwa anangojea mtu wa kuchuma chai. Akazidi kumchukia pale mwanawe Machogu, aliyekuwa mwalimu, alipomfundisha mkewe kuendesha gari katika uwanja wa shule mchana kweupe. Machogu akafa kwa homa ya matumbo mwanzoni mwa mwaka 1974. Watu walidhani msiba ungempoza mzee. Wapi! Chuki iliyokuwa ya watu wawili sasa ilimwangukia mmoja.

Gari lenyewe lilikuwa Anglia kuukuu ya rangi ya maziwa. Nusu yake ilitoka kwenye mshahara wa Machogu na nusu kwenye cherehani. Esnah alishona sare za shule, na kila siku ya soko alipakia marobota akaenda Nyaramba, akaenda Nyakoe, akafika hadi Kisii mjini. Bila gari sare zisingefika sokoni, na bila soko Esnah angebaki mjane wa boma tu. Na boma lilikuwa limeshampangia mtu: Makori, mdogo wake Machogu, mwanamume aliyeshindwa kumlisha mke mmoja na ambaye kinywa chake kilinuka chang'aa saa tatu asubuhi.

"Sitaki kurithiwa," Esnah aliwaambia wazee mbele ya wote. "Mimi si panga la marehemu."

"Basi nenda," Onsongo akamjibu. "Gari linabaki. Makori ataliendesha."

Mzee alikuwa na sababu ya kusema hivyo kwa uhakika. Injini ya gari hukalia vipande viwili vya mpira mgumu, kimoja kulia na kimoja kushoto, na mafundi huviita mauntingi. Milima ya kwetu ilikuwa imevila vya Anglia mpaka vikachoka. Safari ya mwisho ya Machogu kutoka Kisii, kile cha kulia kilichanika kabisa. Injini ikainama upande, feni ikaanza kukwaruza rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, gia zikawa zinaruka zenyewe, na gari likafika nyumbani likitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Machogu aliagiza mauntingi mpya kutoka Kisumu. Siku anazikwa, zilikuwa bado kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Kuliendesha gari vile lilivyokuwa ni kuipasua rejeta kabla ya kufika barabarani, na Onsongo alilijua hilo.

Wazee walikaa siku ya Alhamisi, wakiongozwa na mzee Abner, mtu mpole wa maneno machache. Wakaamua hivi: Jumapili saa sita mchana, Esnah akiweza kulitoa gari hadi barabarani kwa nguvu za gari lenyewe, ni lake. Likikokotwa na ng'ombe, ni la boma.

Onsongo akasimama akipiga fimbo chini. "Na asiletewe fundi! Mkono wa mwanamume ukiigusa injini ile, gari ni letu!"

Abner akamtazama Esnah. "Umesikia?"

"Nimesikia. Nakubali."

Ijumaa Esnah aliitumia kutafuta jeki, kwa maana ya Machogu ilikuwa imeondoka na Makori wakati watu bado wanalia matanga. Alikwenda kwa miguu hadi Nyaramba, akawaacha binti zake wawili kwa dada yake, akaazima jeki kwa mwenye duka mmoja, akarudi nayo kichwani. Alipofika jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia. Hakushika spana tena. Jumamosi nzima mikono ilikaa mapajani kanisani huku moyo uko kwenye gari, na Mungu amsamehe. Onsongo naye, aliyekuwa amekaa upande wa wanaume, aliimba siku hiyo kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Sasa kuna jambo moja la kueleza. Machogu alikuwa amelijengea gari banda lililoshikana na nyumba yake, chini ya bati lile lile. Kwetu Kisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo heshima tunayoiita chinsoni, na anayeivunja hatakaswi bure. Mwaka ule banda lilipokwisha, Machogu alimwita baba yake aje alione gari lake jipya. Mzee alikuwa na kinyongo kwamba gari limepata bati wakati paa lake la nyasi linavuja. Akasimama uani, mbele ya Abner na wengine, akatangaza: "Paa moja, nyumba moja! Mguu wangu hautaingia humo, wala mkono wangu, wala fimbo yangu!" Watu wakalikumbuka neno hilo.

Jumapili asubuhi Esnah alivaa ovaroli ya marehemu, akaikunja miguuni, akaingia chini ya gari. Gari lilikuwa limeelekeza uso wake nje, kwa hiyo miguu ya Esnah ilitokeza kidogo kuelekea uani. Alikuwa amemshikia Machogu spana kwa miaka mitatu na kila nati aliijua mahali pake. Alifungua waya wa betri. Akaweka jeki juu ya ubao, akaweka kipande kingine cha mti kati ya jeki na kalai la mafuta lililo chini ya injini, akainua polepole mpaka uzito ukatoka kwenye mipira. Wa kushoto ulitoka bila matata, mpya ukaingia, akakaza. Saa nne ilikuwa haijafika.

Ndipo akasikia kwato. Onsongo amekuja mapema, ameswaga madume wawili wenye nira, mnyororo begani, na mti mrefu wa mkaratusi wa kubetulia magurudumu yakikwama. Makori alikuwa ametumwa kuwaita wazee. Mzee akasimama kwenye mstari wa matone ya bati, hatua moja nje, akageuza uso kuelekea migomba. Kumtazama mke wa mwanawe amelala chali ni haramu nyingine, hata akiwa ndani ya ovaroli. Kwa hiyo alimtukana Esnah akiwa anaitazama migomba.

"Mokamwana! Mke wa mwanangu amevaa suruali! Machogu anageuka kaburini!"

"Akigeuka ni kwa kukusikia wewe, Tata," Esnah alijibu kutoka chini, akimwita baba kama desturi inavyotaka.

"Ulimwoa au alikuoa?"

"Tulifunga ndoa. Cheti kipo ndani. Ingia ukisome."

Alijua hawezi kuingia. Mzee alitema mate. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu: mara Esnah ni tasa wa wavulana, kwa sababu alizaa wasichana wawili, mara ni mchawi aliyemla mwanawe, mara mikono yake ni ya kupaka poda. Hilo la uchawi lilimuuma Esnah mpaka machozi yakamtiririka masikioni. Lakini mkono haukusimama. Alishaufungua mpira wa kulia, ule uliochanika, akautupa kando. Akaupenyeza mpya mahali pake kwa vidole vya mkono wa kushoto.

Ubao ukapasuka. Jeki ikalala ubavu na injini ikashuka juu ya vidole viwili.

Alipiga ukelele hata madume wakaruka ndani ya nira. Onsongo akageuka, kisha akakumbuka, akageuka tena kwa migomba.

"Nini?"

"Mkono! Injini imenikalia mkono!"

"Toa!"

"Hautoki! Mwite mtu!"

Hapakuwa na wa kuitwa. Wanawake walikuwa mashambani, Makori alikuwa njiani kuwaleta wazee. Hapo, tusimpake mzee mafuta, Onsongo alikaa kimya kitambo. Alikuwa na mtu anayemchukia, amenaswa, na saa sita inakaribia. Bila yeye kufanya lolote gari lingekuwa lake. Esnah aliusikia ule ukimya na aliuelewa vizuri, na hajawahi kumsamehe mpaka leo.

Kisha mzee akatoa laana moja ndefu, akavingirisha jiwe hadi kwenye mstari wa bati, akaulaza mkaratusi juu yake, akausukuma ncha mbele kuingia bandani, uso wake ungali kwa migomba.

"Shika ncha! Uelekeze mwenyewe, mimi sioni!"

Esnah aliikamata ncha kwa mkono wa kulia, akaiweka chini ya kalai, na katikati akatia ule mpira uliochanika ili mti usilitoboe. "Kandamiza!"

Mzee akakandamiza kwa kifua na tumbo. Injini ikainuka. Vidole vikatoka, vimepondeka, kimoja kimekaa upande.

"Umetoka?"

Esnah alikitazama kidole chake. Akaitazama nafasi iliyo wazi juu ya chesisi. Akautazama mpira mpya uliokuwa umemwangukia kifuani.

"Bado, Tata."

Akauingiza. Bolti ya kwanza ilikataa, akaitukana kimoyomoyo, ikakubali. Ya pili aliifunga kwa mkono wa kulia huku spana ya pili akiibana kwa kiwiko cha mkono ulioumia. Damu ilimwingia kwenye mkono wa ovaroli.

"Umetoka sasa?"

"Bado kidogo."

Kisha sauti ya chuma ikasikika. Krr, krr, krr.

"Hiyo ni sauti ya nini?"

"Ni spana, Tata."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Onsongo alielewa yote kwa mara moja, na alichosema hakiandikiki. "Naachia! Walahi naachia, Msabato kama nilivyo!"

"Achia. Kichwa changu kiko chini yake."

Hakuachia. Alitetemeka, akalaani, jasho likamdondoka kwenye mti, na hakuachia. Mtu anaweza kumwombea mwenzake kifo miaka sita na bado akashindwa kukiachia kwa mkono wake mwenyewe. Kutoka njiani sauti za wazee zilianza kusikika, na Makori akicheka mbele yao.

Nati ya mwisho ikakaza. "Sasa shusha taratibu," Esnah alisema. "Asante."

"Usinishukuru!" Akauchomoa mti, akautupa ndani ya migomba, akasimama kando ya madume wake akipangusa kiganja chenye mafuta kwenye koti.

Wazee walimkuta Esnah anafunga betri, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cha sare ya bluu. Aliketi, akavuta choki, akawasha. Injini ilikohoa mara mbili kisha ikatulia ikinguruma chini kwa chini. Feni ilizunguka bila kukwaruza kitu, na mkono wa gia ulikaa mahali pake. Mzee Abner aliweka kiganja juu ya boneti kama apimaye homa ya mtoto, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hakufanya peke yake!" Onsongo alifoka. "Injini imeguswa na mkono wa mwanamume!"

Wote wakamgeukia. Abner akauliza kwa upole, "Mwanamume gani, mzee?"

Esnah alishika usukani akangoja. Alikuwa tayari kusema kweli, liwe liwalo. Macho ya Abner yalikuwa yamekwenda kwenye migomba, yakauona mkaratusi uliopakaa mafuta meusi nchani. Yakarudi kwenye jiwe lililokaa sawasawa kwenye mstari wa bati. Yakapanda hadi kwenye koti la Onsongo, lenye doa la mafuta yale yale. Kila mtu pale alilikumbuka lile neno la fimbo, na alijua mwenye kuingiza fimbo yake nyumbani kwa mwanawe, mke wa mwanawe akiwa amelala, ataulizwa nini.

"Nimeuliza, mwanamume gani?"

Onsongo aliitazama fimbo mkononi mwake.

"Hakuna," akasema.

"Basi waondoe ng'ombe wako njiani, mama apite."

Aliwaondoa mwenyewe, kwa fimbo na matusi. Esnah alipita karibu yake na kioo kikiwa wazi, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Alipofika barabarani alisimamisha gari akalia kwa sauti, kidole kikimwaka moto, na safari hii alimlilia Machogu hasa, aliyemwachia mkebe wa biskuti. Kisha akatia gia akaelekea Nyaramba kwa wanawe.

Onsongo hakusalimiana naye tena maishani. Kidole cha Esnah hakikukunjika tena, na hata leo kinasimama wima anaposukuma kitambaa chini ya sindano. Wanawake wa soko la Nyakoe humuuliza ni nani aliyemwinulia injini siku ile. Yeye huwaambia ukweli, kwamba ni baba mkwe wake. Wanacheka mpaka wanashika mbavu, na hakuna hata mmoja anayemwamini.