Mkunga Kati ya Magari Mawili

Wiki mbili nzima mkunga hakutulia. Akikaa, anasimama, akisimama, anakwenda dirishani. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipanda hadi zahanati ya mlimani kwa pikipiki. Sasa magoti yamegoma, na kwenye uwanja wa gereji kulikuwa na magari mawili makuukuu, achague moja.

"Hiki kigari kinalamba tu mafuta," fundi alimwambia, akigonga bodi ya kile kidogo chenye milango mitano. "Na vipuri vyake vimejaa madukani. Lile foo-wili mafuta linayabugia, halafu kutu imeanza kula chasi. Ila likishika magurudumu yote manne, hakuna mlima usiopandika. Chukua kila moja siku moja, dada, ujionee mwenyewe."

Jumamosi alipanda na foo-wili. Usukani mgumu kama wa lori, mtikisiko mpaka kiuno kikalalamika, lakini juu lilifika bila kusita. Jumapili asubuhi akachukua kigari. Kilikuwa chepesi, kinageuka hata uchochoroni, akajikuta anatabasamu peke yake.

"Basi hicho ndicho," alisema mumewe, mwalimu mstaafu asiye na papara. "Sasa tupumzike, mke wangu."

Mchana simu ikaita. Mama mmoja mlimani ameshikwa na uchungu, mimba ya kwanza. Mkunga akatupia begi kwenye kigari, akatoka mbio. Mvua ikamkuta njiani, na kwenye kona ya mwisho magurudumu yakazunguka bure topeni. Akavua viatu, akapanda kwa miguu robo saa nzima, roho mkononi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Lakini damu ya mama haikukata hata baada ya sindano. Hospitali ilikuwa lazima. Majirani wakambeba kwa machela hadi barabarani. Sita kati yao wakakishika kigari huku na huku, wakakinyanyua kama kitanda, wakakitua penye changarawe.

"Mkweche mwepesi huu, mama," mmoja alicheka huku akijifuta tope. "Lingekuwa lile kubwa tungeita trekta."

Mzazi alifikishwa kwa daktari, akapona. Kila aliyekutana na mkunga alikisifu kigari. Yeye aliitikia tu, macho yako mbali.

"Nini tena?" mumewe aliuliza.

"Ilikuwa Jumapili. Wanaume walikuwepo nyumbani. Ingekuwa Jumanne, wote wako kazini bondeni, nani angeninyanyulia gari?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nachukua lile gumu."

Wiki hiyo hiyo akalinunua foo-wili, fundi akaichomelea chasi. Hata hivyo utulivu haukuja. Mpaka leo, mvua ikianza kugonga bati, mkunga huacha chai mezani, akatoka kuliwasha, asikilize tu kama linaitika.