Sauti ya Mke Wangu Ilivyofungiwa Ilomba

Kabla sijahamia Mbeya nilikuwa kibarua kwenye msitu wa misonobari kule Mafinga. Watu wakisikia msitu wanafikiri kazi ni kukata miti. Mimi sikukata hata mmoja. Kazi yetu ilikuwa kufyeka njia za moto, yaani ule ukanda mpana unaotenganisha shamba moja la miti na jingine. Unaparuliwa mpaka ubaki udongo mtupu, ili moto ukifika pale ukose cha kula. Asubuhi baridi ilitung'ata vidole hadi jembe unalishika kama umeazima mikono. Jioni, sitaficha, tulikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, na ulanzi una adabu yake, lakini hiyo nitaiacha.

Msimamizi wetu alikuwa Mbena mmoja mfupi, asiyecheka. Siku moja alikuta tumefyeka vizuri, ila matawi tumeyarundika katikati ya njia tukingoja trekta. Hakufoka. Aliokota tawi refu akalilaza kutoka upande huu wa njia mpaka upande ule.

"Mmefyeka nini hapa?" akauliza. "Mmemjengea moto daraja."

Sisi tukacheka. Yeye akangoja tumalize kucheka, kisha tukayabeba matawi yote kuyatoa njiani mpaka jua likazama.

Sijui kwa nini nimeanza na huyo. Nilitaka kumsema mke wangu. Alikuwa Mnyakyusa, nilimpata hukohuko Mafinga akiwauzia ndizi watu wa mashine za mbao, na yeye ndiye aliyenihamishia Ilomba, hapa Mbeya. Alisema baridi ya Iringa ni ya kukaushia nyama. Nikamwuliza, "Na ya Mbeya je?" Akasema, "Ya Mbeya ina ndizi."

Mimi ni msimuliaji wa hadithi. Si kazi, ni tabia tu; shule niliishia darasa la tatu, hadithi nilizipata kwa bibi yangu kule Kilolo, Uheheni. Hadithi za kwetu zina wimbo katikati, na wimbo ule msimuliaji haimbi peke yake, lazima awepo wa kumwitikia. Mwitikiaji wangu alikuwa mke wangu. Aliimba Kihehe cha kuvunjavunja, ndugu zangu walijishika mbavu, lakini walipomaliza kucheka walinyamaza wamsikilize. Na nikipotea njia, maana hupotea sana, alinikatiza mbele za watu: "Mzee, sungura tulimwacha kisimani tangu jioni, atakufa kwa baridi." Basi nilirudi kisimani.

Jirani na kwetu Ilomba palikuwa na mtu mwenye studio ya kurekodi kwaya, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Alitusikia msibani, akatuita, akaturekodi msimu mzima wa mvua bila kutaka chochote. Mwaka uliofuata mke wangu akafariki. Presha. Hilo nalo nitaliacha.

Baada ya mazishi nikawa nakwenda studio kila Jumatatu, siku ambayo kwaya hazina kazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Hakuniuliza nimefuata nini. Alifuta kiti, akanivalisha hedifoni, akabonyeza, na mke wangu akaniitikia. Zaidi ya mara moja aliniambia nilete redio aniwekee zile hadithi kwenye memori kadi, niwe nasikiliza nyumbani. Nilimwambia redio imeharibika. Haikuwa imeharibika. Kama sauti ningekuwa nayo nyumbani, Jumatatu ningekwenda wapi?

Na alikuwa mtu mwangalifu. Kila kazi aliinakili pia kwenye diski ya akiba, kitu cheusi kama kipande cha sabuni. Vibaka wa Ilomba wanaweza kukuvua soksi umevaa viatu, kwa hiyo ile diski aliifunga kwa mnyororo wa baiskeli kwenye mguu wa meza. Waya wake aliuacha kwenye kompyuta siku zote. "Hapa, babu," alijisifu, "mwizi abebe meza nzima."

Jumatatu moja nikamkuta amesimama katikati ya chumba. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na maandishi ya Kiingereza na saa inayohesabu kurudi nyuma. Akanieleza. Jana yake alipakua programu ya kusafisha sauti. Ni ya kununua, lakini mtu alikuwa ameiweka mtandaoni bure. Ilimwambia azime kwanza antivirasi, ile kinga ya kompyuta, ndipo iingie. Akazima. Sasa kazi zote zimefungwa. Majina yanaonekana, hakuna linalofunguka, na waliofunga wanataka walipwe kwa bitcoin ndipo watoe ufunguo.

"Bitcoin ndiyo nini?"

"Pesa ya mtandaoni, babu. Huwezi kuishika."

"Nina ng'ombe Kilolo, kwa mdogo wangu. Tumuuze."

Aligeukia ukutani.

Mwenye duka la fotokopi hapo jirani akaja. Huyu ni mzee wa Kihindi, kazaliwa Mbeya, Kisafwa anakijua kunishinda mimi. Akachomoa kwanza waya wa intaneti.

"Mimi yalishanipata haya," akasema. "Akiba yako iko wapi?"

Mwenye studio akaonyesha chini ya meza. Mzee akainama, akafuata mnyororo kwa kidole, kisha akafuata waya mpaka kwenye kompyuta.

"Ulikuwa umechomekwa muda wote?"

"Muda wote."

"Basi na humu wamefunga. Mwizi wa mlangoni umemwekea mnyororo, wa kwenye waya umemwachia njia. Mimi nanakili, nachomoa, nafungia kabatini pamoja na sukari. Waliponivamia nilifuta kompyuta yote nikarudisha vitu vyangu kutoka kabatini."

"Pamoja na sukari?" nikauliza.

"Ndilo kabati pekee mke wangu analofunga."

Hapo nilimkumbuka yule Mbena na tawi lake. Lakini kumwambia mtu aliyeungua habari za moto ni ukatili.

"Babu anataka kuuza ng'ombe tulipe," mwenye studio akasema.

"Mzee mwenzangu, mwache ng'ombe ale majani. Hawa hata ukiwalipa hawalazimiki kufungua. Wapo waliolipa wakapewa kimya. Na wakijua unalipa, watarudi. Ila diski hiyo msiifute. Ichomoeni, iwekeni. Kuna siku watu kama hawa hukamatwa, funguo zao zikatolewa bure."

"Siku gani?"

"Hiyo siijui, mzee."

Niliendelea kwenda studio kila Jumatatu. Mwenye studio alinifutia kiti, akatafuta kwenye simu yake kama ufunguo umetolewa, akasema, "Bado, babu." Nyumbani nilijaribu kusimulia peke yangu. Nikifika penye wimbo, maneno ya mke wangu nayakumbuka yote, mpaka pale alipokuwa akikosea Kihehe. Sauti haiji. Inakuja yangu.

Kwaya nazo zilianza kudai kazi zao. Kuna moja ilikuwa imerekodi nyimbo za uzinduzi wa kanisa, na kila wakija mwenye studio aliwaambia umeme ulikatika, kompyuta iko kwa fundi, njooni wiki ijayo.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali, wiki ijayo imefika. Alinifutia kiti, akanivalisha hedifoni kwa mazoea tu, kompyuta yenyewe hata haikuwashwa. Nikaziacha zikae, zilinipa joto masikioni. Kwa mbali wale wanakwaya walionekana dirishani wakishuka na barabara, wanne au watano, wamevaa sweta za kwaya.

"Nakuja, babu," akasema.

Hakuchukua koti. Nilimwona dirishani akipita mbele ya duka la fotokopi bila kusalimia, akavuka barabara, akashika njia ya stendi, wala hakuwa na haraka. Hakurudi tena.