Aliyecheza Mpira kwa Mdomo

Kazini walimwita Baragumu, na jina hilo alilipata kihalali. Mwezi wake wa kwanza kwenye mapokezi ya hospitali, mashine ya kuitia wagonjwa iliharibika. Ikasubiri fundi, fundi akasubiri kipuri, na kipuri mpaka leo hakijafika. Ikabidi karani mpya asimame nyuma ya dirisha aite kwa mdomo. "Arobaini na saba, dirisha la tatu! Mama mwenye gauni la njano, ni wewe, usiogope, ni daktari wa macho tu!" Waliokuwa nje kwenye foleni ya dawa walisikia. Waliokuwa ng'ambo ya barabara wakinunua maji walisikia pia. Mganga mkuu akasema hakuna haja ya kuharakisha kile kipuri.

Hakukua akijivunia sauti hiyo. Mama yake, mshonaji wa mapazia, alimwambia kila siku, "Teremsha sauti, mwanangu. Mwanamke hasikiki mpaka kwa jirani." Shuleni alitolewa kwenye kwaya kwa kosa la kuwafunika wenzake arobaini. Basi akawa mtu wa kuongea kiganja kikiwa mdomoni, mpaka alipopata kazi ya kulipwa kwa kile kile alichokuwa akigombezwa.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba, wamepishana miaka kumi. Huyo alifanya kazi kiwanda cha magodoro, na kila Jumamosi alitoweka na begi begani. Nyumbani walijua anacheza mpira. Walijua kama mtu anavyojua kwamba jirani yake anafuga njiwa: ni habari tu, haimhusu.

Jumamosi moja mdogo mtu akasahau mezani kadi yake ya usajili, na bila kadi refa hamwingizi mchezaji. Baragumu akaibeba mbiombio mpaka uwanjani, nyuma ya kile kiwanda. Palikuwa na vumbi, mistari ya chokaa iliyopinda, na nyavu zilizozibwa matundu kwa kamba za kufungia magodoro. Watazamaji walikuwa kumi na wanne, na wawili kati yao walikuja kulala kwenye kivuli cha ukuta.

Alikabidhi kadi, akageuka aende zake kupika. Hakufika popote.

Yule mdogo wake, ambaye nyumbani huombwa chumvi mara tatu ndipo asikie, alipokea mpira upande wa kushoto, akampita beki wa kwanza, akamsubiri wa pili amfikie ili ampite vizuri, kisha akaupinda mpira ukaingia kona ya juu. Lilikuwa bao la kumfanya mtu arushe kofia ya mwenzake. Yakasikika makofi matatu, kama mtu anayeua mbu.

Ule ukimya ulimchoma Baragumu. Hata yeye hakujua mdomo ulifunguka saa ngapi. Mpira ulipoanza tena akajikuta anaita kama yuko dirishani. "Huyo hapo! Namba saba ameuchukua tena! Beki, mama, usimkimbilie hivyo, utaacha mlango wazi! Haya, umeuacha! Anapiga... kipa kadaka! Kipa kadaka, jamani, mkono mmoja!" Vichwa vikaanza kuchomoza juu ya ukuta. Waliolala wakaamka. Mwisho wa mchezo watu walikuwa hamsini na kitu, wote wakiulizana ni nani yule namba saba.

Njiani mdogo mtu alitembea akipangusa vumbi la jezi. Baadaye akasema, "Dada, umeniaibisha."

"Nisamehe, mdogo wangu. Ilinitoka tu."

Wakapita nyumba tatu nne, mdogo mtu akauliza, "Jumamosi ijayo utakuja?"

Akaenda, na daftari mkononi. Aliwahoji wachezaji mmoja mmoja: unafanya kazi gani, unatumia mguu gani, ulianza lini. Halafu akawagawia majina. Kipa, muuguzi wa wodi ya watoto, akawa Hapiti Mtu. Nahodha alikuwa msusi wa miaka thelathini na sita, na pasi zake zilipenya mahali ambapo hata uzi ungeomba nafasi. Huyo akaitwa Sindano. Mdogo wake, aliyekuwa akiangushwa na kuinuka kabla refa hajapuliza, akaitwa Springi, na kiwandani kwao wakacheka wiki nzima.

Mume wa Baragumu, mchora mabango, naye akaingia mkumbo. Alipaka ukuta wa uwanja kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mtu: JUMAMOSI SAA KUMI. NJOO UJIONEE, USIJE UKASIMULIWA.

"Baba watoto," Baragumu akamwambia, "hilo bango linaniharibia. Kazi yangu ni kusimulia!"

"Mke wangu, hata wasipokuja watakusikia. Tatizo liko wapi?"

Lakini walikuja. Mwaka wa kwanza walifika mia mbili, wa pili mia sita. Kina mama walikuja na viti vyao na watoto wao. Kwenye uwanja wa shule ya jirani wasichana wakaanza kugombana nani awe Springi na nani awe Hapiti Mtu, na mwalimu akalazimika kuweka zamu. Timu zilikuwa nne. Zikawa saba, zikawa kumi. Kiwanda cha magodoro kikaanza kuwaruhusu wachezaji wake kutoka mapema siku ya mazoezi, kwa sababu wateja walikuwa wakiuliza dukani kama hapa ndipo anapofanya kazi yule Springi.

Si wote waliofurahi. Mwenyekiti wa kamati ya uwanja alimwita pembeni. "Dada, kizuri chajiuza. Mpira wenu ungekuwa mzuri ungejiuza wenyewe, bila makelele."

"Mwenyekiti," akajibu, "kizuri kikifungiwa kabatini kinajiuza kwa mende?"

Mwenyekiti akaenda zake. Hakulirudia tena.

Msimu wa tano, redio ikaamua kutangaza nusu fainali. Wachezaji walivaa jezi wakiwa na furaha ya siku ya harusi. Redio ilimtuma mtangazaji wake mkubwa, mwanaume ambaye watu walimwita Kinanda kwa utamu wa sauti yake. Baragumu alikaa jukwaani, kifaa cha redio sikioni, na kadiri mchezo ulivyokwenda ndivyo alivyozidi kunywea. Kinanda hakujua hata mchezaji mmoja. Alisema "mrembo namba saba." Alisema namba saba amesuka nywele nzuri, akajiuliza kama anajua kupika. Springi alipofunga bao lililowapeleka fainali, Kinanda alikuwa katikati ya habari za nywele.

Kesho yake, kwenye saluni ya Sindano, mtu aliicheza rekodi ya Kinanda kwenye simu. Springi alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekimbia dakika tisini, Dada," akasema. "Kilichoonekana ni nywele." Akainamisha kichwa, na machozi yakamtoka mbele ya wateja.

Baragumu akapiga moyo konde, akaenda redioni na madaftari yake matano. Meneja alikuwa na adabu. Alimpa kiti, akafunua kurasa mbili tatu. "Kazi nzuri hii," alisema. "Lakini mwanamke kutangaza mpira? Masikio ya wasikilizaji hayajazoea."

"Sauti ya mwanaume yaliizoeaje, bosi? Si kwa kuisikia?"

Meneja alicheka, akamsindikiza hadi mlangoni.

Sindano hakucheka. Aliwaita saluni nahodha na wachezaji wa timu pinzani ya fainali, ambao hawakuwa wamesalimiana nao tangu mechi ya ligi iliyoondoka na jino la mtu. Wakakaa kwa kubanana, wengine chini ya mashine za kukaushia nywele, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana jambo. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja: asipokuwepo kwenye kipaza sauti mtu anayetujua, hakuna nahodha wala mchezaji atakayezungumza na redio, kabla ya fainali wala baada yake. Sahihi zilikuwa thelathini na sita, na ya kwanza ilikuwa ya yule aliyepoteza jino.

Siku mbili baadaye simu ikalia mapokezi. "Utakaa na Kinanda," meneja alisema. "Yeye anatangaza. Wewe unamsaidia majina."

Fainali ilichezwa kwenye uwanja mkubwa wa mji, ambao haukuwahi kufunguliwa kwa mechi ya wanawake. Saa saba mchana geti lilikuwa limefurika. Baragumu alipanda ngazi za kibanda cha watangazaji, akaona majukwaa yamejaa mpaka juu, akakumbuka wale kumi na wanne.

Kinanda alianza kwa madaha yake. Dakika ya tano akamwita Sindano kwa jina la beki wa upande wa pili. Dakika ya kumi na moja akampa Springi kadi ya njano ya mtu mwingine. Kila mara Baragumu alimnong'oneza, na kila mara Kinanda alijirekebisha huku sikio likizidi kumwiva. Dakika ya kumi na tisa akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Dada," alisema, "mimi nasoma namba mgongoni. Wewe unawajua watu. Chukua."

Akakisukuma mbele yake. Na kwa heshima yake yasemwe: toka hapo alimshikia saa, akamsogezea maji, hakutia neno mpaka alipoulizwa.

Jaribu la kwanza la Baragumu lilikuja upesi. Springi alichezea mpira katikati ya uwanja kwa mbwembwe, akaupoteza, na wapinzani wakashuka na mpira wakafunga. Baragumu alivuta pumzi. "Bao! Na ni bao halali la watu waliolifanyia kazi! Springi kaupoteza mwenyewe, asitafutwe mchawi. Tazama yule mshambuliaji, asubuhi anauza samaki sokoni, na leo kamchuna beki mzimamzima!" Mashabiki wa wapinzani, waliokuja na redio zao mikononi wakimtilia shaka, walisimama wakampigia makofi kibandani.

Wakati wa mapumziko mumewe alipiga simu kutoka nyumbani kwa mama mkwe wake, yule mshonaji wa mapazia. "Mama ameweka redio dirishani. Ua umejaa, wengine wako barabarani."

"Anasemaje?"

"Anasema upandishe sauti, wa nyuma hawasikii."

Kipindi cha pili aliipandisha. Dakika ya sabini na moja Sindano aliupata mpira akiwa amezungukwa na watu watatu. "Hana pa kupitia... anapo! Kapitisha! Uzi kwenye tundu! Springi anaukimbilia, kipa anatoka, Springi anauinua... nyavuniii! Moja moja! Binti wa magodoro kalipa kwa mguu ule ule!" Kinanda alikuwa amepanda juu ya kiti.

Zilipobaki dakika mbili ikawa kona. Springi alipiga. Sindano, mwanamke wa miaka arobaini sasa, anayesimama saluni siku sita kwa wiki, aliruka juu ya wasichana wenye nusu ya umri wake, akaupiga kichwa. Mpira uligonga mwamba, ukadunda, ukavuka mstari. Uwanja ulilipuka. Baragumu alitamka jina lake mara nne, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na watu waliosimama nje ya geti wanasema hawakuhitaji redio.

Baada ya kombe kuinuliwa, Springi alipanda kibandani na njumu zake, akiacha udongo kwenye kila ngazi. "Umelitangaza kosa langu, dunia nzima isikie."

"Nimelitangaza."

"Hata hukulipunguza kidogo, Dada? Mimi ni damu yako!"

"Ningelipunguza kosa, nani angeniamini kwenye bao?"

Springi akamkumbatia, jasho na yote, mpaka Kinanda akaomba wamwachie nafasi ya kupita.

Msimu uliofuata Baragumu alipewa mechi zote za wanawake, na Kinanda mwenyewe akaomba kukaa pembeni yake. Hospitali ilimpangia zamu zisizogusa Jumamosi. Springi na Hapiti Mtu waliitwa timu ya taifa wiki ile ile. Timu zilifika kumi na sita. Redio ilipotangaza kwamba inatafuta watangazaji wengine wanawake, walijitokeza ishirini na tisa, wakiwemo muuza dawa mmoja mwenye sauti ndogo kama ya paka na yule mchezaji aliyepoteza jino. Baragumu aliwapeleka wote uwanjani, akawaketisha mstari mmoja, akawaambia wasianze na maneno matamu, waanze na jina la mwenye mpira. Mpira ukaanzishwa. Yule muuza dawa akanyoosha kidole, akafumba macho kidogo, kisha akalitaja jina kwa sauti kubwa kiasi kwamba refa aligeuka.