Mapipa Manne ya Maximilla

Hakuna anayesimama tena pale juu ya kijito. Yamebaki mabaka manne ya mviringo ambayo nyasi hazijayafunika, na wanawake wanaokwenda kuteka maji hupita pale bila kusalimiana.

Hapo ndipo Maximilla alipoyaweka mapipa yake mwaka 2014. Alikuwa fundi wa maabara mjini Kasulu, binti wa wakimbizi wa Kirundi waliopewa uraia, na alilelewa katika kijiji hiki cha wilaya ya Kibondo. Wachimba dhahabu walisaga mawe kwenye karasha la Ildefonsi, wakauoshea unga kijitoni, na maji yakabeba madini ya risasi, sumu inayowapa watoto degedege. Maximilla akajaza mapipa maji hayo, tope jeusi la bondeni na samadi, akayaziba yasiingize hewa, kama mama yake alivyoziba pombe ya ndizi. Bakteria wa tope lile, ambao hewa huwaua, waliikamata risasi na kuituliza chini. Mapipa yalinuka mayai viza.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, mtoto wa Tunu, jirani yake, akafa kwa degedege. Watu, wakiamini mapipa ndiyo yaliyomuua, wakatoka makaburini moja kwa moja hadi kwa Maximilla, majembe yakiwa bado na udongo.

"Kunywa!" Ildefonsi akamsukumia kikombe cha maji ya pipa. "Hapa mwenye mtungi ndiye huonja kwanza. Au kwenu Burundi hamwonji?"

Desturi hiyo aliijua. Mama yake hakuwahi kumpa mgeni pombe kabla ya kuimeza yeye. Funda moja lingemwokoa. Lakini maji yale yalikuwa bado na gesi yenye sumu, hajayapima, na akinywa yeye watakunywa wote, na watoto.

"Bado, baba. Nipe siku tisa niyapime."

"Mmesikia? Anaiogopa sumu yake mwenyewe!"

Mpini wa jembe ukamvunja kiwiko cha kulia. Wa pili ukampata mdomoni. Tunu akamkanyaga vidole, kimoja kimoja.

"Tunu, dada, nipigeni mimi!" Maximilla akalia huku akitema meno. "Mapipa yaacheni! Sumu ya kijito yote imo humo!"

Wakayapindua. Tope la miezi saba likashuka kijitoni, jeusi, zito, na jioni ileile kijiji kikateka humo maji ya kupikia chakula cha matanga.

Maximilla yuko Kasulu. Anaosha chupa za maabara, kwa mkono wa kushoto.